Nani Anasoma Mizani?

Mhadhara kwa walimu, wenye steshenari, mafundi na vijana wa Bariadi



Naona wengine mmekuja na laptopu mikononi, na mama mmoja hapo mbele kaleta hadi chaja. Nimewaelewa: hamkuja kusikiliza, mmekuja kutengenezewa. Tutafika huko. Ila kwa kuwa nimepewa kipaza sauti kwanza, naomba nianzie mbali kidogo, kwenye mizani ya pamba.

Wazee waliokaa mstari wa mbele wamesimuliwa na baba zao habari ya vituo vya kununulia pamba kabla ya uhuru. Mkulima anafika na mzigo wake kutoka Itilima au Meatu, kaubeba kutwa nzima. Mzigo unawekwa kwenye mizani. Mnunuzi anasoma, mnunuzi anaandika, mnunuzi analipa. Mkulima yuko upande wa pili, upande usio na namba. Anachokiona ni mgongo wa chombo. Akiambiwa uzito ni huu, ni huu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walichoka. Hawakuvunja mizani wala hawakuacha kulima. Walichagua watu wao, wanaojua kusoma namba, wakawasimamisha vituoni, upande ule wa namba. Katika vuguvugu hilo ndipo chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kilipopata nguvu, Paul Bomani akiwa mbele, na mwaka 1955 ukazaliwa ule muungano mkubwa wa ushirika wa Victoria uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya wakulima barani Afrika. Mengine ya ushirika, mazuri na machungu, mnayajua kuliko mimi.

Mimi nataka mshike jambo moja tu hapo. Si kila mkulima alijifunza kusoma mizani. Wengi hawakujua kusoma hadi mwisho wa maisha yao. Ilitosha kwamba mwenzao mmoja anajua, na kwamba mwenzao huyo ana haki ya kusimama upande wenye namba.

Hiyo ndiyo Linux, mfumo wa kompyuta ulionileta hapa. Ningeweza kukaa sasa hivi, ila chaja ile imenipa aibu.

Watu wanaokuja kutuhubiria Linux, na nimewahi kuwa mmoja wao, huanza na neno bure. Ni bure, ni bure, hulipi hata senti. Kwa Bariadi hoja hiyo ni dhaifu sana. Naomba anyooshe mkono aliyewahi kununua Windows kwa hela yake, akapewa leseni. Nimeuliza swali hili sehemu nyingi na majibu ni haya haya mnayonipa ninyi: kicheko. Sisi hatununui Windows. Sisi "tunapigiwa" Windows. Unampelekea fundi mashine jioni, asubuhi unaikuta ina Windows, ina Word, ina michezo ambayo hukuomba, kwa hela isiyofika bei ya kuku. Sasa ukimwambia mtu huyo kwamba Linux ni bure, atakuuliza kwani hii yangu nililipia?

Kwa hiyo tuache bei. Tuangalie kilichomo ndani ya ile Windows ya kupigiwa.

Fundi anapoikraki anatumia kiprogramu kidogo, na kiprogramu hicho kina sharti moja kabla hakijaanza kazi: zima kwanza kinga ya virusi. Yaani mlinzi atoke getini ndipo mgeni aingie. Mgeni ni nani? Fundi hajui. Kakipata kwenye flashi ya fundi mwenzake wa Mwanza, naye wa Mwanza kakipakua mahali ambapo hapana jina la mtu. Mashine inayoandika mitihani ya shule yako, inayotunza hesabu za duka lako na picha za msiba wa mama yako, imefunguliwa mlango na mtu usiyemjua, na namba ziko upande wake.

Nitoe mfano wa karibu. Msimu wa mitihani, steshenari imejaa. Mwalimu kaingia na flashi, ndani mna folda ya mtihani wa kidato cha pili. Flashi imechomekwa, na zile folda zote zimekuwa vinjia vya mkato: jina ni lile lile, ila pembeni pana kimshale kidogo na ukubwa ni KB 1 au 2. Mama mwenye steshenari anasema, "Mwalimu, flashi yako ina virusi." Mwalimu anasema, "Mama, jana nilitoka nayo hapa hapa kwako." Wamesimama wanatazamana, foleni nyuma inasonya.

Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni hiyo, na laptopu yangu ya Linux begani. Nikaomba flashi. Nilipoichomeka, folda za mwalimu zilikuwa pale pale, nzima, na kando yake vile vinjia bandia pamoja na faili moja chafu. Kirusi hiki hakifuti kazi ya mtu. Kinaziwekea folda alama ya kufichwa, kisha kinaweka vifano vyake ili uvibonyeze. Linux haifuati alama ile kwenye flashi, kwa hiyo kilichofichwa hakikufichika, na faili chafu iliandikwa kwa ajili ya Windows, kwangu ilikuwa kama barua ya Kichina. Nikahamisha mtihani, nikafuta uchafu, nikamrudishia mwalimu flashi yake. Wakaniita mtaalamu. Hapakuwa na utaalamu wowote; mdudu na mashine yangu hawakuwa wanaongea lugha moja.

Msije mkasema nimewaambia Linux haiugui. Inaugua. Ila magonjwa haya ya flashi yanayotuzungusha kati ya shule na steshenari kila muhula, hayo haiyajui.

Sasa Linux yenyewe ni kitu gani? Nitapita haraka, maana historia yake imeandikwa sana. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kuwa atatengeneza mfumo endeshi ambao kila mtu ataruhusiwa kuutumia, kuufungua, kuurekebisha na kumgawia jirani. Mwaka 1989 akatoa leseni ya kulinda ruhusa hizo: ukichukua ukarekebisha na kugawa, nawe huwezi kuwafungia wengine. Vipande vingi vilikuwa tayari, kilikosekana kiini, ile sehemu inayozungumza na chuma chenyewe. Agosti 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Finland, Linus Torvalds, akawaandikia wenzake kwamba anatengeneza kitu cha kujifurahisha tu. Kiini kikapatikana. Leo kiini hicho kiko kwenye seva nyingi za dunia, na kiko kwenye kila simu ya Android iliyo mifukoni mwenu.

Ndiyo, hiyo Tecno. Linux ilishafika mkoani kwetu Simiyu kabla sijapewa kipaza sauti hiki. Iliingia kwa mfuko wa suruali. Lakini simu hiyo hiyo inatufundisha kuwa kiini huria peke yake hakitoshi. Kiini kiko wazi, ila simu uliyouziwa imefungwa juu yake, na ikipitwa na miaka mitatu minne mwenye kiwanda anaacha kuiletea masasisho nawe huna la kufanya. Mizani ipo, namba zipo, umezuiwa kuzunguka upande wake. Kwenye kompyuta ya mezani au laptopu bado tunaweza kuzunguka. Ndiyo maana nimekuja kuongelea hizo, si simu.

Mkianza kuulizia mtaambiwa Linux ina matoleo mengi: kuna Debian, kuna Ubuntu, Fedora, Mint, na mengine mamia, na wenye nayo wanavyobishana mtadhani ni vita. Wasukuma hamhitaji kufafanuliwa hili. Mnao Bagika na Bagalu kwenye ngoma. Ngoma ni moja, uwanja ni mmoja, ila ukimuuliza Mgika habari za Mgalu, utakaa. Ubishi ule ulinoa ngoma kwa zaidi ya karne moja na ubishi huu pia umenoa programu. Lakini mgeni asiingie kwenye ubishi siku ya kwanza. Chukua Linux Mint, au Ubuntu ile inayotunzwa miaka mitano, kwa sababu moja tu: ndizo ambazo fundi wa karibu ana uwezekano wa kuzijua.

Ubuntu, kwa taarifa yenu, ni utu. Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, yule aliyekwenda anga za juu mwaka 2002, ndiye aliyeuanzisha, na toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2004 likiwa na jina la utani la ngiri. Kwa miaka kadhaa yeye na wenzake walikuwa wanatuma sidii kwa posta, hulipi hata stempu. Ziliwafikia watu kwenye masanduku ya posta ya mikoani, na nawafahamu mafundi watatu walioanzia hapo. Mkoa wetu wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Tulikuwa bado Shinyanga, na wenzetu wa Busega wakiwa Mwanza, hadi 2012.

Na mwaka huo huo wa 2004 lilitokea jambo nchini kwetu ambalo linanisikitisha kuona vijana hawalijui. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye Idara ya Sayansi ya Kompyuta, kwa kushirikiana na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, waliendesha mradi wa Kilinux. Wakakusanya msamiati, wakabishana juu ya maneno, wakatafsiri programu ya ofisi ya OpenOffice, na Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua, kupigia hesabu na kuandalia mawasilisho, yote kwa Kiswahili. Kampuni kubwa zenyewe ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kufikiria Kiswahili.

Kwa nchi hii hilo halikuwa jambo dogo. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Tulizikataa, tukaja kuzikubali tena, na kutoka hapo tukazizungumzisha lugha yetu. Mtu mmoja angeweza kuyashuhudia yote matatu akiwa bado kazini.

Jambo OpenOffice iko wapi leo? Hamna aliyeitumia humu ndani, na mimi siwalaumu. Programu haikai kama kitabu. Kila toleo jipya linakuja na maneno mapya, vitufe vipya, na tafsiri isiyofuatiliwa inapitwa. Baadaye OpenOffice yenyewe iligawanyika, mwaka 2010 ikazaliwa LibreOffice. Tafsiri ya Kiswahili ipo bado, ukichagua utaipata, lakini utafungua menyu moja ikusalimie kwa Kiswahili na ya pili yake ikujibu kwa Kiingereza, kama mtoto aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni.

Nasema haya kwa uchungu ila bila kejeli. Waliofanya kazi ile waliweza. Hesabu ninayoiona mimi ni kwamba mtafsiri alikuwa Dar es Salaam, na mtu aliyekuwa akichapa barua za ukoo, maombi ya kazi na mihtasari ya vikao vya AMCOS alikuwa hapa, na hapakuwa na njia ya huyu kumwambia yule kwamba neno hili huku halieleweki. Mizani ilipata namba za Kiswahili ila msomaji hakuwekwa kituoni.

Naomba niwaonyeshe kwa kitu kidogo kabisa: alama ya ng'ombe. Kile kikoma cha juu.

Fikirieni rejesta ya shule ya Meatu. Makao makuu yenyewe ya wilaya ni Mwanhuzi, na wengi huandika Ng'wanhuzi. Nusu ya darasa majina yao yanaanza na Ng'. Mwalimu anaandika orodha kwenye programu ya barua, na programu nyingi za kuandikia huwa zinajitia ujuzi: ukibonyeza kikoma kilichonyooka, zinakupindia. Mwalimu wa pili anaingiza alama za mtihani kwenye jedwali, na huko kikoma kinabaki kimenyooka. Kwa macho majina ni mamoja. Kwa kompyuta ni watu wawili. Jedwali likiambiwa lioanishe majina na alama, kila Ng'wasi na kila Ng'hoboko anakosa alama, na akina Juma na Maria wako salama. Nimeona mwalimu mkuu akimgombeza kijana wa kompyuta kwa uzembe. Hapakuwa na uzembe, palikuwa na vikoma viwili.

Dawa yake ni dakika moja: unaingia kwenye mipangilio ya usahihishaji wa otomatiki, unazima upindaji. Hilo unaweza kulifanya hata kwenye Windows, sibishi. Lakini twende hatua moja mbele. Majina hayo hayo yanapigiwa mstari mwekundu, na Kiswahili chetu pia, kwa sababu programu inasahihisha kwa kufuata orodha ya maneno. Kwenye Linux orodha ya Kiswahili ni faili la kawaida, linaitwa sw_TZ.dic. Unalifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Mstari wa kwanza ni idadi ya maneno. Mistari inayofuata ni maneno yenyewe, moja kwa kila mstari, basi. Hakuna siri. Nilipowafungulia faili hilo wanafunzi fulani wa hapa, binti mmoja aliangalia muda mrefu kisha akauliza, "Kwa hiyo kuna mtu alikaa akayaandika haya?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Na sisi tunaruhusiwa?"

Tunaruhusiwa. Leseni imeandika hivyo. Mkoa uliothubutu kutengeneza chaki zake wenyewe kule Maswa hauwezi kushindwa na orodha ya maneno.

Tuje kwenye laptopu mlizoleta. Nyingi naziona ni mtumba: Latitude, ThinkPad, EliteBook, zimetumika ofisi za Ulaya au zimepitia Dubai, zikafika Kariakoo, zikaja huku kwa basi. Ni vyuma imara kuliko vingi vya dukani. Shida yao ni kalenda. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa na kijisehemu cha usalama ambacho mashine nyingi za kabla ya 2018 hazina. Mafundi wanajua njia za kuilazimisha. Ila kulazimisha huko ndiko kule kule kumwondoa mlinzi getini.

Mashine hizo hizo, zikiwa na RAM ya GB 4 na ukabadilisha diski ya zamani ukaweka SSD, Linux Mint inakaa juu yake bila kulalamika. Na kabla hujaamua, unaiwasha kutoka kwenye flashi, bila kugusa kilichomo ndani. Jaribu kipanya, jaribu sauti, shika intaneti ya simu kwa waya wa USB, chapa ukurasa mmoja. Ikigoma, unachomoa flashi, unarudi ulikotoka. Hakuna dalali wa ng'ombe anayekuruhusu hivyo.

Kazi za serikali zinafanyika? Mtumishi anayeingia ESS, mzabuni anayeingia NeST, kijana anayehangaika na Ajira Portal, wote hao wanafungua kivinjari tu, na Firefox iko ile ile kila mahali. Hili ndilo lililobadilika tangu siku za Jambo OpenOffice: kazi nyingi zimehamia kwenye kivinjari, na kivinjari hakijali kimekaa juu ya nini.

Bando? Hapo ndipo ruhusa ya kugawa inapogeuka kuwa fedha. Mint ni karibu GB 3, Ubuntu ya 24.04 inakaribia GB 6. Anapakua mmoja, usiku, kwa bando la usiku, wengine wote wa Bariadi wananakili kwa flashi, na si wizi. Hata masasisho: ukiyaweka kwa amri ya apt-get, vifurushi vyake vinabaki kwenye /var/cache/apt/archives. Vichukue, vipeleke kwenye mashine ya pili yenye toleo lile lile, bando limeokoka. Kwa shule yenye kompyuta 20 na modemu moja, hapo ndipo penye faida.

Sasa niwaambie inapouma, maana mtu akikuuzia ng'ombe bila kukuambia habari ya mguu, si mwenzako.

Inauma kwenye printa. Nyingi huchomekwa zikachapa papo hapo, kuliko hata Windows. Chache hukataa katakata, na zile mashine kubwa za kutoa kopi hudai kiendeshi chake maalumu ambacho lazima ukitafute. Mwenye steshenari asibadilishe chochote kabla ya kujaribu printa yake.

Inauma kwenye faili za Word. LibreOffice inazifungua, lakini mtihani uliopangwa kurasa nne unaweza kuja kurasa tano, na swali la 7 likakatwa katikati. Mara nyingi kosa ni fonti. Calibri na Cambria ni mali ya mtu, hazimo kwenye Linux. Zipo Carlito na Caladea, zilizochongwa zikawa na upana ule ule wa herufi. Ziweke, na kurasa zitatulia kwa kiasi kikubwa. Na ukipeleka kazi steshenari peleka PDF. Hilo nawaambia hata msiotaka kusikia habari ya Linux.

Inauma kwa wanaotengeneza kadi za harusi na mabango kwa Photoshop. Kuna GIMP, kuna Inkscape, ni nzuri, lakini mkono uliozoea jembe moja haubadili jembe katikati ya msimu. Hao nawaambia wabaki walipo. Na wenye programu za hesabu za biashara zilizoandikwa kwa Windows, vilevile.

Ila pale inapouma zaidi si kwenye mashine, na hili nalisema kwa kujishuhudia.

Kuna ofisi moja, sitaitaja, niliyowahi kuiwekea Linux kwenye kompyuta zake zote. Nilifanya kwa siku mbili, kwa fahari. Nikawaonyesha wapi pa kubonyeza, tukanywa soda, nikaondoka. Miezi minne baadaye nilipita kuwasalimu nikazikuta zote zina Windows ya kupigiwa. Kilichotokea ni kwamba printa yao iliharibika, ikanunuliwa nyingine, haikukubali mara moja. Wakamwita fundi wa jirani. Fundi akaangalia skrini, akauliza hii ni nini, akafanya anachokijua. Na kwa nini asifanye? Alikuwa na wateja mlangoni.

Muda mrefu nilimkasirikia fundi yule. Kisha nikaangalia baiskeli yangu. Chini ya mwembe wowote wa mkoa huu, hadi kijiji cha mwisho, pana mtu mwenye spana mbili, pampu na sanduku la spoku, na ndiyo maana baiskeli ya Phoenix imedumu huku. Si kwamba ni nyepesi, wala haina bei ya ajabu. Ni kwamba nati zake ziko nje na mwenye spana yuko karibu. Mimi niliwapelekea wale wa ofisini baiskeli yenye nati nje kabisa, nikasahau kuwapa mwenye spana. Ruhusa ya kuzunguka upande wa namba walikuwa nayo, na hapakuwa na mtu wa kuzunguka. Kosa lilikuwa langu.

Kwa hiyo tangu siku hiyo siwawekei watu Linux. Nafundisha mafundi. Fundi mmoja wa steshenari akijua mambo matano tu, yaani kuiwasha kutoka kwenye flashi, kuhamisha kazi za mtu kabla ya kugusa diski, kuunga printa, kuweka zile fonti, na kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho badala ya kuufunga, mtaa wake wote unaweza kuhama akitaka. Asipokuwepo, hata mimi nikihubiri hadi pamba ichipue upya, mtarudi kule kule, na mtakuwa na haki.

Hilo la kusoma ujumbe wa kosa ndilo gumu kuliko yote, na si kwa sababu ya Kiingereza. Windows imetuzoesha kwamba kosa ni kitu cha kubonyeza "sawa" ili kiondoke. Kwenye Linux kosa hukuambia faili gani, mstari wa ngapi, kimekosekana nini. Fundi kijana akiona maandishi meupe kwenye skrini nyeusi anadhani mashine imekufa. Hapana, inaongea. Iacheni imalize, kisha isomeni pamoja, neno kwa neno, hata kama mmoja anatafsiri na mwingine anaandika pembeni.

Basi. Naona mama mwenye chaja ameshasimama.

Mama, lete. Hii ni Latitude, nzuri. Kabla sijaigusa: humu ndani mna nini ambacho hakipo mahali pengine? Picha za harusi ya mwanao. Na hesabu za vikoba. Sawa. Ninyi mafundi wawili wa nyuma, sogeeni, na mje na diski ile ya nje. Hatuwashi flashi mpaka picha zote zimehama na mama mwenyewe amezifungua akaziona. Wewe bonyeza, mimi nitasimama pembeni. Na wewe soma kwa sauti kila kinachoandikwa.